Lugha ya Makubaliano ya Usafiri baina ya Bandari, Mji na Kiwanja cha Ndege: Mfano wa Kilindini, Likoni na Diani

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimujamii nchini Kenya anapofundishwa sajili ya usafiri, mfano anaopewa takriban kila mara ni ule wa matatu: makanga anayenadi safari mlangoni, abiria anayedai chenji yake, na dereva anayehimizwa aongeze mwendo. Mfano huo una manufaa yake, hususan katika mtihani, kwa kuwa unadhihirisha uchanganyaji wa ndimi, matumizi ya sentensi fupi na msamiati wa nauli. Hata hivyo, hiyo ni sehemu ndogo mno ya lugha ya usafiri. Katika matatu makubaliano huwa yamekwisha kufungwa kabla ya mtu kutia mguu garini. Njia inajulikana, nauli imetangazwa, na gari litaondoka litakapojaa, si abiria atakapopenda. Hata idadi ya vichwa ilikwisha kuamuliwa na wengine, maana kanuni zilizosimamiwa na Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka kikomo cha abiria 14 katika matatu ndogo na kuacha nafasi finyu ya kujadiliana.

Hali ni tofauti pale ambapo safari yenyewe hutengenezwa kwa maneno, yaani mtu na dereva wanapoketi kuafikiana gari litoke wapi, lifike wapi, saa ngapi, kwa fedha ngapi, na nani abebe hasara mambo yakienda kombo. Hapo kila neno lina uzito wake. Neno moja likieleweka kinyume, ndege huruka na abiria akabaki na mizigo yake.

Makala haya yanachunguza lugha hiyo ya makubaliano katika eneo moja mahsusi: njia inayounganisha Bandari ya Kilindini, mji wa Mombasa, Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Moi, na pwani ya kusini katika Kaunti ya Kwale, hasa Ukunda, Diani na Msambweni. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu ya jiografia yake, ambayo huilazimisha lugha ifanye kazi nyingi, na kwa sababu ya watu wanaokutana humo. Dereva aweza kuwa Mdigo wa Tiwi au Mvita wa Mji wa Kale, mpokezi wa hoteli akawa ametoka Machakos au Kisii, na msafiri akawa Mjerumani aliyejifunza maneno 20 ya Kiswahili akiwa melini. Mazungumzo yanayotolewa hapa ni ya kubuni, na lengo lake ni kufafanua hoja tu.

Njia yenyewe

Mombasa ni kisiwa. Meli za kitalii hufunga Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa hicho, ambako gati namba 1 limejengewa jengo la kupokelea wageni. Kiwanja cha Moi kiko Port Reitz, bara ya magharibi, ng'ambo ya Makupa. Diani nayo iko bara ya kusini, kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini, na baina yake na mji kuna mlango wa bahari wa Likoni. Kwa miongo mingi, mtu aliyetoka Diani kwenda kiwanja cha Moi alilazimika kuvuka maji mara mbili: Likoni kwa feri, kisha, baada ya kupenya katikati ya mji wenye msongamano, Makupa kwa barabara.

Huduma ya feri Likoni ilianza mwaka wa 1937. Takwimu zilizozoeleka kutolewa na wasimamizi wake zilitaja watu wapatao 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi, magari hulipa. Feri moja ikiharibika, foleni ya magari hurefuka, na hakuna dereva awezaye kuahidi kwa yakini saa atakayofika ng'ambo. Kuna na jambo jingine ambalo wageni hawalifahamu. Meli inayoingia Kilindini au kutoka hupita katika mlango uleule wa Likoni, nazo feri husubiri mpaka ipite. Hivyo meli kubwa ya watalii inapowasili, huwa ndiyo inayowachelewesha madereva waliotumwa kutoka Diani kuja kuwapokea watalii hao hao.

Mwaka wa 2024 barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa kikamilifu kupitia madaraja ya Mwache na Mteza, hili la pili likiwa na urefu wa mita 1,440. Inaanzia Miritini na kukutana na barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga huko Kibundani. Kwa mara ya kwanza, gari laweza kutoka Msambweni au Diani likafika kiwanja cha Moi, au kituo cha reli cha Miritini kilichofunguliwa 2017, bila ya kugusa kisiwa. Kwa msafiri wa ndege, hilo ni badiliko kubwa. Kwa aliyeshuka melini gati namba 1 halina uzito sawa, maana tayari yumo kisiwani na Likoni iko karibu naye. Kwake feri ndiyo njia fupi na Dongo Kundu ni mzunguko, ingawa mzunguko huo waweza kuwa wa haraka zaidi siku ambayo foleni imekaza. Ndiyo maana swali la kwanza ambalo dereva huulizwa ni kama atapita feri au atazunguka, na bei hutegemea jibu hilo.

Maliko, vilindi na ng'ambo

Kabla ya kuyachambua makubaliano yenyewe, inafaa kutazama jinsi msamiati wa eneo hili ulivyojaa usafiri wa majini. Kilindini ni kilindi pamoja na kiambishi cha mahali, yaani penye maji ya kina, na ni kina hicho kilichoifanya bandari ya meli kubwa. Likoni ni liko, neno la pwani lenye maana ya mahali vyombo vinapofikia ufukoni (wingi wake maliko, katika baadhi ya lahaja ni diko). Kwa hiyo mtu asemaye kwamba anashukia Likoni anataja, bila kujua, kituo cha usafiri kilichokuwapo kabla ya feri. Dongo Kundu nayo inaeleweka kwa urahisi na mwenye kujua Kidigo na lugha nyinginezo za Kimijikenda: ni udongo mwekundu.

Maneno ya kawaida ya safari yana asili hiyohiyo ya bahari. Abiria limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuvuka, ambacho Kiswahili nacho kimekihifadhi katika kuabiri. Abiria wa Likoni, basi, ndiye abiria wa asili, kuliko hata yule wa basi la Nairobi. Nauli lilikuja kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiyunani, na huko lilikuwa malipo ya chombo cha baharini. Bandari ni la Kiajemi. Meli lilichukuliwa kutoka neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta, kwa kuwa meli za moshi za kwanza kujulikana zilikuwa za kubeba barua, na likalisukuma kando neno merikebu ambalo leo limebakia zaidi katika maandishi na ushairi.

Neno ng'ambo linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo linalowapotosha watu. Maana yake haikai mahali pamoja bali hutegemea aliposimama msemaji. Kwa aliye kisiwani, ng'ambo ni Likoni. Kwa aliye Likoni, ng'ambo ni kisiwani. Kwa mpokezi wa hoteli anayezungumza habari za wageni, ng'ambo ni Ulaya. Katika simu, ambapo hakuna anayemwona mwenzake, kauli kama "nakungojea ng'ambo" huwa na maana mbili kamili, na dereva aliye upande wa pili wa maji aweza kumaliza saa nzima akimtafuta mtu ambaye yuko mita 500 tu mbele yake. Neno bara nalo lina tabia hiyo. Mvita akisema kwamba anakwenda bara, huenda anakusudia Likoni au Changamwe. Mtu wa Nairobi hulichukua kuwa ni nchi iliyo mbali na bahari.

Kuvuka, kuvusha na feri

Kitenzi vuka kina uzao mkubwa: vusha, vukia, vukika, kivuko, uvukaji. Jambo la kuzingatiwa ni tofauti baina ya Kenya na Tanzania. Kwa Mtanzania wa Dar es Salaam, kivuko ni chombo na pia ni mahali, na chombo hicho huitwa hata pantoni. Nchini Kenya kivuko ni mahali zaidi, na chombo ni feri. Lakini wakazi wa Mombasa wamelipanua neno feri mpaka likawa jina la mahali pia, tena bila kiambishi -ni. Mtu husema "nashukia feri" au "tukutane feri." Kwa hivyo jibu "niko feri" laweza kuwa na maana tatu: niko kituoni upande wa kisiwa, niko kituoni upande wa Likoni, au niko juu ya chombo katikati ya maji. Dereva mzoefu haridhiki na jibu hilo. Atauliza, "Umeshavuka ama hujavuka?" Swali hilo fupi huuondoa utata wote kwa sababu kitenzi kinataja tukio, na tukio ama limetendeka ama halijatendeka.

Kauli ya kutendesha ina uzito wa namna nyingine. Avukaye hujiendea, lakini anayevushwa yumo mikononi mwa mwingine. Tofauti hiyo si ya kisarufi pekee. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kutoka katika feri ya MV Harambee likatumbukia baharini Likoni, na mama aliyekuwemo na bintiye wakafa. Wengi waliozungumza baada ya misiba hiyo hawakuuliza kwa nini watu walivuka. Waliuliza nani aliyewavusha. Mwalimu anayetafuta mfano wa jinsi mnyambuliko wa kitenzi unavyohamisha wajibu kutoka kwa mtendwa hadi kwa mtendaji hana haja ya kwenda mbali.

Kukodi na kukodisha

Kosa ambalo husikika kila siku katika vituo vya teksi, na ambalo limeingia hata katika matangazo, ni la kutumia kukodisha badala ya kukodi. Anayetafuta gari hukodi, mwenye gari hukodisha. Uhusiano huu ni uleule wa kukopa na kukopesha, kuazima na kuazimisha, kupanga nyumba na kupangisha. Mtu asemapo, "Nimekodisha gari la kwenda Kilindini," kwa mujibu wa sarufi amejitangaza kuwa mwenye gari. Mara nyingi muktadha huokoa. Lakini katika utalii kuna watu wa kati, yaani hoteli, wakala na mwenye gari, na kila mmoja wao hukodi kwa huyu na kukodisha kwa yule. Mzozo unapozuka kuhusu nani alipe saa za kungoja, kauli "tulikodisha" haisemi lolote la kuaminika.

Karibu na hilo kuna suala la kipimo cha bei. Dereva akitaja "elfu nne," msikilizaji hajui kama ni elfu nne ya gari zima au ya kila kichwa, ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi, pamoja na ada ya feri au bila ada hiyo. Wenyeji hawalipati tatizo hili mara nyingi kwa kuwa wanazijua desturi za mahali. Mgeni hazijui. Ni dhuluma kumlaumu dereva kuwa amebadilisha maneno, ikiwa maneno yenyewe hayakutajwa tangu awali. Na ni dhuluma vilevile kumwambia mgeni kwamba angepaswa kujua.

Vitenzi vya ahadi navyo si sawa. "Nitakupeleka kiwanjani" huahidi mwendo, lakini "nitakufikisha kiwanjani" huahidi mwisho wa mwendo. Anayepelekwa aweza kukwama foleni na aliyempeleka akawa bado ametimiza neno lake. "Nitakupitia" ni ahadi ya kuja kumchukua mtu katika njia ambayo msemaji anaipita, pengine akiwa na watu wengine garini, hali "nitakuja kukuchukua" hueleweka kuwa ni safari ya mtu huyo peke yake. Mjuzi wa lugha huzisikia tofauti hizi mara moja. Mwenye kutafsiri kichwani kutoka lugha nyingine huziona zote kuwa kitu kimoja.

Saa na siku

Sehemu iliyo na hatari kuliko zote ni ya wakati. Mazungumzo yafuatayo ni baina ya mpokezi wa hoteli ya Diani, msichana aliyetoka bara, na dereva wa makamo ambaye ni mzaliwa wa Msambweni.

Mpokezi: Shikamoo, mzee.
Dereva: Marahaba, mwanangu. Hujambo?
Mpokezi: Sijambo. Kuna wageni wawili wanataka gari la kuwapeleka kiwanjani.
Dereva: Lini hiyo?
Mpokezi: Usiku wa Jumamosi. Ndege yao ni saa saba.
Dereva: Haya. Inshallah nitawapitia saa tatu.

Kwa msikilizaji wa kawaida makubaliano yamekamilika, na kwa adabu nzuri. Ukweli ni kwamba usiku wenyewe haujakubaliwa. Katika hesabu ya jadi ya pwani, inayofuata kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwa mzee wa Msambweni, ni ule ambao Wanairobi huuita Alhamisi usiku. Mpokezi amekusudia usiku unaofuata mchana wa Jumamosi. Dereva amesikia usiku unaoutangulia. Atafika saa 24 kabla ya wakati, awakute wageni wakila chakula cha jioni, na petroli yake imekwenda bure. Mambo yangekuwa mabaya zaidi kama nafasi zingebadilishana, yaani mpokezi awe Mdigo na dereva awe mtu wa bara: gari lingefika siku moja baada ya ndege kuruka.

Kiswahili kina dawa ya utata huu, nayo ni kitenzi amka katika kauli ya kutendea. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" hauna maana mbili kwa mtu yeyote, awe wa pwani au wa bara, kwa sababu hautaji usiku ni wa siku gani bali unataja asubuhi itakayofuata. Inasikitisha kwamba vitabu vingi vya kufundishia wageni huanza na hesabu ya saa na kuiacha hesabu ya siku. Hata maneno kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, ambayo humwezesha mtu kutaja siku ya pili, ya tatu na ya nne kutoka leo bila kutaja jina la siku, yanazidi kupotea vinywani mwa vijana.

Tatizo la saa zenyewe ni maarufu zaidi, lakini huelezwa kijuujuu. Kila mtu hujua kwamba saa ya Kiswahili hutofautiana na ya Kizungu kwa saa sita, na kwamba saa kumi ya jioni ndiyo 16:00. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, Wakenya wachache hukosea. Makosa huja katika maandishi, hasa ujumbe wa simu, ambapo tarakimu huandikwa bila maneno. "Saa 4" ni saa nne kwa anayesoma Kiswahili, na ni saa kumi kwa aliyetazama saa ya mkononi akanakili. Lugha ina njia ya kujikagua: kila saa hukubali baadhi ya majina ya sehemu za siku na kukataa mengine. Saa nne hukubali asubuhi na usiku, lakini haikubali alasiri. Anayepokea ujumbe wa "saa 4 alasiri" hugundua mara moja kwamba mwandishi amenakili saa ya Kizungu, naye atauliza.

Ukaguzi huo, hata hivyo, hushindwa pahali pamoja, na hapo ndipo ndege nyingi huponyoka. Ndege inayoondoka mapema humlazimu msafiri aondoke Diani saa kumi ya alfajiri. Mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza huuita wakati huo asubuhi, huku Kiswahili cha pwani kikiuita alfajiri. Akiandika "saa 4 asubuhi," ujumbe wake hauna dosari yoyote ya kisarufi wala ya kimaana. Dereva atausoma kuwa saa nne, mchana umeshapambazuka, na hatakuwa na sababu ya kushuku. Atafika saa sita baada ya kuhitajika. Neno moja, alfajiri, lingetosha.

Wajerumani, ambao kwa miaka mingi wamekuwa miongoni mwa wageni wengi wa Diani, wana mtego wao. Katika lugha yao "halb vier" ni saa tisa na nusu, yaani nusu ya kuelekea nne kwa saa ya Kizungu, si nne na nusu. Kijana wa ufukoni aliyeokota Kijerumani masikioni, ambaye anajua kwamba "halb" ni nusu na "vier" ni nne, hutafsiri neno kwa neno akapata saa kumi na nusu. Hapo kosa si la saa sita bali la saa moja, na kwa kuwa ni dogo halishtui mtu hadi mwisho.

Kwa msafiri wa melini kuna jambo la nyongeza. "Meli inaondoka saa kumi na mbili" ni taarifa ya kung'oa nanga. Abiria hutakiwa kuwa ndani kabla ya hapo kwa muda uliotangazwa, na baadaye ngazi huondolewa. Dereva aliyewapeleka wageni Shimba Hills kuwatazama palahala, au Shimoni ili wavuke kwenda Wasini, huhesabu saa za kurudi kutoka wakati aliotajiwa. Akitajiwa wakati wa meli badala ya wakati wa watu, atapanga vizuri na bado achelewe. Siku ya Ijumaa inahitaji uangalifu zaidi: safari inayokata saa saba ya mchana humkuta dereva Mwislamu akihitaji kusimama msikitini, na ni heshima kulitaja hilo mapema kuliko kulinung'unikia njiani.

Linabaki neno inshallah, ambalo wageni hulidhania kuwa ni njia ya kukwepa. Si haki kulitafsiri hivyo. Linapofuatwa na saa na mahali, kama katika kauli ya dereva hapo juu, ni kiapo cha mtu anayejua kwamba foleni ya Likoni haiko mikononi mwake. Linapotamkwa peke yake kama jibu, bila saa wala mahali, mara nyingi huwa ni hapana ya kistaarabu. Msikilizaji asikilize kinachofuata neno, si neno lenyewe.

Kiwanja kipi?

Katika mazungumzo yaleyale mpokezi alisema "kiwanjani," na dereva hakuuliza. Lakini pwani ya kusini ina kiwanja chake cha ndege, kile cha Ukunda, dakika chache tu kutoka hoteli za Diani, kinachotumiwa na ndege ndogo zinazotoka na kwenda Nairobi. Kwa mkazi wa Ukunda, kiwanja bila sifa ni hicho. Kwa mkazi wa Mombasa, ni cha Moi. Tofauti ya bei ni kubwa, na tofauti ya muda ni kubwa zaidi. Baadhi ya watu hujaribu kutenga uwanja kwa kikubwa na kiwanja kwa kidogo, wakitegemea kiambishi ki- cha udogo. Tofauti hiyo haishikiki, kwani wasemaji haohao husema kiwanja cha Moi na uwanja wa Ukunda bila kujali ukubwa. Jina la mahali ndilo litegemewalo, na si ngeli.

Mfano wa makubaliano yaliyoandikwa

Hoteli na madereva ambao hawapendi ugomvi huandika. Maandishi hayahitaji kuwa marefu. Mazungumzo ya mpokezi na dereva, endapo ndege ilikuwa ya kuondoka saa 01:00 ya Jumamosi, yangeweza kuandikwa hivi:

"Gari zima limekodiwa na wageni wawili kwa safari ya kwenda tu. Dereva atakuja kuwachukua mlangoni mwa hoteli, Diani, usiku wa kuamkia Jumamosi, saa tatu usiku (Ijumaa, 21:00), na kuwafikisha Kiwanja cha Moi, Port Reitz, kabla ya saa tano usiku (23:00). Njia ni Dongo Kundu. Ikifungwa, dereva atapiga simu kabla ya kutoka Ukunda na watakubaliana kuhusu feri. Bei ni ya gari, si ya kichwa, na ada zote za njiani zimo. Wageni wakichelewa kutoka, saa ya kwanza ya kungoja haina malipo."

Katika maandishi haya kila neno lililokuwa na utata limepata mwenzake wa kulibana: usiku umebanwa na kuamkia, saa imebanwa na tarakimu za saa 24, kiwanja kimebanwa na Port Reitz, na peleka imebadilishwa ikawa fikisha. Kitenzi kukodi kimewekwa katika kauli ya kutendwa ili ionekane wazi nani mkodi. Wanafunzi wanaweza kulichukua andiko hili wakaliondoa neno moja moja na kujadili ni tafsiri zipi mpya zinazojitokeza kila neno linapoondoka. Wataona kwamba kuondolewa kwa neno "zima" peke yake kunamruhusu dereva kuwachukua watu wengine wanne hapo Ukunda bila kuvunja ahadi.

Kifungu cha mwisho ndicho kinachozua mjadala zaidi kati ya madereva. Wengi wao hushikilia kuwa kungoja na kungojea si kitu kimoja. Dereva anayengoja yuko tu mahali pake na angeweza kuwa anangoja lolote, bali anayengojea anamngojea fulani, na kwa hiyo muda wake una mdai. Kamusi huyaorodhesha maneno haya mawili karibu kama visawe. Katika maegesho ya Diani, nyakati za kaskazi ambapo wageni ni wengi na ndege zinachelewa kutua, hayahesabiwi hivyo.